Asali Iliyoganda, Mawese Mazito na Mtungi wa Gesi: Jinsi Hali ya Kitu Inavyomgusa Mnunuzi



Miongoni mwa hukumu zinazotolewa kwa haraka sokoni, hukumu ya asali iliyoganda ni mojawapo. Mnunuzi hufungua chupa iliyokaa kabatini miezi miwili, akaikuta asali imekuwa nzito, yenye punje mithili ya sukari, na papo hapo huamua kwamba ametapeliwa. Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, yaani Kasulu, Makere, Kagerankanda na Kibondo, ambako misitu ya miombo huwapa nyuki maua na kuwapa wananchi asali, hukumu hiyo huwaumiza watu wawili kwa wakati mmoja. Mfugaji nyuki hupoteza jina lake, na mnunuzi humwaga chakula kizuri. Wakati huohuo, mnunuzi huyohuyo anaweza kubeba mtungi wa gesi uliopungua kilo nzima bila kushuku lolote, kwa sababu tu mtungi umetikisika na kutoa mlio wa kitu ndani.

Makosa hayo mawili yana mzizi mmoja. Macho na masikio yetu huona hali ya kitu, kama ni kigumu, kimiminika au gesi, kisha tukadhani tumeona ubora wake au kiasi chake. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya vitu tunavyonunua vinapobadilika hali, ili mlaji ajue lini ana haki ya kulalamika na lini hana.

Chembe zisizotulia

Kila kitu kinachouzwa kwa kilo au kwa lita kimejengwa kwa chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo hazitulii kamwe. Katika kitu kigumu, ambacho vitabu vya sayansi hukiita yabisi, chembe zimeshikana na kubanana. Hutikisika mahali pake kama abiria katika basi lililojaa: kila mmoja anajisogeza kidogo, lakini hakuna anayehama kiti. Ndiyo maana jiwe la chumvi hubaki na umbo lake hata ukilihamisha kutoka chombo hadi chombo.

Katika kimiminika, chembe bado zimekaribiana, ila zimepata nafasi ya kupishana, kama watu gulioni. Hakuna aliyekaa mahali pamoja, lakini umati haujatawanyika. Kwa hiyo maji na mafuta hufuata umbo la chombo, huku ujazo wake ukibaki karibu uleule. Katika gesi, chembe zimeachana kabisa na kukimbia kila upande, mithili ya watoto kengele ya shule inapolia. Gesi haina umbo wala ujazo wake yenyewe. Hujaza chombo chochote inachowekwa, na kila chembe inapogonga ukuta wa chombo huusukuma. Jumla ya misukumo hiyo ndiyo tunayoiita kanieneo.

Kinachoamua kitu kiwe katika hali ipi ni joto pamoja na kanieneo. Joto likizidi, mwendo wa chembe huongezeka na mshikamano wake hulegea. Joto likipungua, chembe hutulia na kushikana upya. Lakini kuna jambo ambalo sisi tunaosimamia vipimo tunaliona kuwa muhimu kuliko yote: katika mabadiliko hayo, chembe haziongezeki wala hazipungui. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka ni kilo moja ya maji. Ujazo hubadilika, sura hubadilika, uzito haubadiliki.

Asali

Asali ni sukari nyingi iliyoyeyushwa katika maji machache. Asali iliyokomaa vizuri huwa na maji yasiyozidi asilimia 20, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni sukari za aina mbili, glukosi na fruktosi. Maji hayo ni machache mno kuweza kuishikilia glukosi yote kwa muda mrefu. Chembe za glukosi huanza kutafutana, hushikana kwa mpangilio, na punje ya kwanza ikishatokea nyingine huifuata. Huko ndiko kuganda kwa asali. Hutokea upesi zaidi katika ubaridi wa wastani, wa nyuzi joto 14 hivi, na ndiyo maana asali iliyokaa bila kuganda katika joto la Dar es Salaam huweza kuganda Kasulu au Kibondo katika usiku wa baridi wa Juni na Julai.

Kuganda, basi, si ushahidi wa udanganyifu. Asali halisi huganda, tena aina zenye glukosi nyingi huganda mapema. Anayetaka irudi kuwa kimiminika aiweke chupa ndani ya maji ya vuguvugu, yanayovumilika kwa mkono, na aiache taratibu. Asiichemshe, kwa kuwa moto mkali huharibu harufu na ladha yake. Dalili inayostahili kutiliwa shaka ni nyingine: asali nyepesi kama maji, inayotoa povu na harufu ya uchachu. Hiyo ina maji mengi kupita kiasi, ama kwa sababu ilivunwa kabla nyuki hawajaifunika, ama kwa sababu mtu ameiongezea maji.

Asali pia ni nzito kuliko maji. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa ina takriban kilo 28. Mfugaji nyuki anayekubaliana bei kwa kilo, kisha akalipwa ndoo moja kwa hesabu ya kilo 20, amegawa kilo 8 bure. Wasomaji wetu wengi huko ni walaji na wazalishaji kwa pamoja, na hasara hii tunaiona kuwa kubwa kuliko ile ya chupa iliyoganda. Bei ikitajwa kwa kilo, mizani itumike. Ikitajwa kwa lita, lita itumike. Kuchanganya hivyo viwili kuna anayefaidika kila mara, na mara nyingi si aliyepanda mtini kuvuna.

Mawese

Mawese ya Kigoma yana tabia inayofanana na hiyo, ingawa sababu yake ni tofauti. Hayana chembe za aina moja. Yamo mafuta yanayobaki kimiminika hata katika ubaridi, na yamo mengine yanayoshikana na kuwa kigumu katika joto la kawaida la chumba. Asubuhi ya baridi sehemu hiyo ya pili huganda na kuzama, na juu hubaki mafuta mekundu, mepesi, yanayong'aa. Muuzaji anayeteka juu tu humpa mteja wa kwanza aina moja ya mafuta na mteja wa mwisho aina nyingine. Mwombe akoroge kabla ya kupima, au ayapashe moto kidogo yawe sawa. Hakuna ubaya katika sehemu iliyoganda. Ni mawese kamili.

Mawese ni mepesi kuliko maji: lita 20 zina kilo 18 na ushei. Kwa sababu hiyo, maji yaliyochanganywa humo hutengana na kukaa chini ya chombo. Weka mafuta yaliyoyeyuka katika chupa inayopitisha mwanga, yaache yatulie, kisha tazama kitako. Jikoni maji hayo hujitangaza yenyewe kwa milipuko midogo na kurusha matone, kwa kuwa maji yanapogeuka mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile yaliyokuwa nayo. Ni sababu hiyohiyo inayofanya kumwagia maji mafuta yanayowaka kuwa jambo la hatari kubwa: maji huzama, hugeuka mvuke ghafla, na kuyarusha mafuta yenye moto juu ya aliyemwaga. Sufuria iliyoshika moto hufunikwa kwa mfuniko, na jiko huzimwa.

Mtungi wa gesi

Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika matumizi ya nishati hiyo. Mitungi ya kilo 6 na kilo 15 sasa inaonekana katika maduka ya vijiji ambavyo kwa miaka mingi vilipikia kuni na mkaa. Kwa familia nyingi hiki ndicho chombo cha kwanza chenye kanieneo kubwa kuingia nyumbani, na hapa ndipo elimu ya hali za maada huwa suala la fedha na la uhai.

Tunasema tunanunua gesi, lakini ndani ya mtungi kilichopo kwa wingi ni kimiminika. Propani na butani, zinazochanganywa katika mitungi hiyo, ni gesi katika hewa ya kawaida: propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na butani karibu na sifuri. Zikibanwa ndani ya chuma, chembe zake hukaribiana hadi zikawa kimiminika, na hivyo nafasi ndogo hubeba kiasi kikubwa. Kilo 6 huchukua lita 11 hivi zikiwa kimiminika. Zikiachiwa huru huwa lita 2,500 za gesi au zaidi. Juu ya kimiminika hicho huachwa nafasi yenye gesi. Unapofungua jiko, gesi ya juu hutoka, kimiminika huchemka kidogo kuijaza tena nafasi hiyo, na mzunguko huo huendelea mpaka kimiminika kiishe.

Kutokana na hayo, msukumo ndani ya mtungi hukaa karibu uleule maadamu kimiminika kimebaki, hata kama ni kikombe kimoja. Mwali mkali haukuambii kwamba mtungi umejaa, na kifaa kinachoonyesha kanieneo hakikuambii kilo zilizomo. Kutikisa na kusikiliza kunakuambia kwamba kuna kimiminika, basi. Hakukuambii kiasi, na wala hakukuhakikishii kwamba kimiminika hicho ni gesi tupu. Shahidi wa kuaminika ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha mtungi, aghalabu karibu na mshikio. Tuseme umeandikwa kilo 7.4: mtungi wa kilo 6 uliojazwa sawasawa utaonyesha kilo 13.4 kwenye mizani. Ukionyesha 12.6, umepungukiwa gramu 800, na huna sababu ya kuuchukua. Muuzaji wa gesi anatakiwa awe na mizani dukani, na mizani hiyo iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo ndani ya miezi 12 iliyopita. Kuomba mtungi upimwe mbele yako si kumtukana muuzaji. Muuzaji mwaminifu hufurahia kupima, maana pengine naye amepunjwa na aliyemletea.

Wapo wanaohamisha gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo kwa mpira na vifaa vya kubahatisha, wakauza kwa bei nafuu. Tunawasihi wananchi wasinunue mitungi hiyo, hata kama mizani inaonyesha kilo kamili au zaidi ya kamili. Kimiminika hupanuka kinapopata joto, na tofauti na gesi, hakikubali kubanwa, kwa kuwa chembe zake zimekwisha kukaribiana. Kwa hiyo viwanda vya kujazia huacha nafasi tupu ya takriban asilimia 15 hadi 20 ya mtungi. Anayejaza kwa kukisia anaweza kuimaliza nafasi hiyo. Mtungi uliojazwa usiku wa baridi, kisha ukawekwa kwenye jua la mchana au karibu na jiko la mkaa, hutafuta pa kupanukia na hukosa.

Katika upishi mrefu mtungi huweza kuwa baridi na kutoka jasho. Wengi hudhani unavuja. Sivyo: kimiminika kinapogeuka gesi hunyonya joto kutoka kwenye chuma, na mvuke uliomo hewani ukigusa chuma hicho baridi hugeuka matone, kama kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ubaridi huo ukizidi mwali hupungua, hasa alfajiri za kiangazi katika nyanda za juu. Dawa yake ni kupunguza moto au kusubiri. Mtungi usiwekwe kwenye maji yanayochemka, usiwekwe juani kwa makusudi, na usilazwe ubavu ili "kumalizia iliyobaki". Ukilazwa, kimiminika chenyewe huingia kwenye mpira na kutokea jikoni kikiwa na wingi wa mara 250 hivi ukilinganisha na gesi uliyoitarajia.

Gesi hii, ikivuja, haipandi juu kama moshi. Ni nzito kuliko hewa. Hushuka sakafuni, hutambaa, hukaa chini ya kitanda na nyuma ya magunia. Takriban asilimia 2 yake katika hewa inatosha kuwaka. Haina harufu ya asili. Ile harufu kali kama ya vitunguu saumu au mayai viza huongezwa makusudi ili pua ikuonye. Ukiisikia, funga kifungo cha mtungi, fungua mlango na madirisha, usiwashe wala usizime taa, na uzime jiko la mkaa lililo karibu kama unaweza kulifikia bila kupita penye harufu. Watoto, ambao hulala na kucheza karibu na sakafu, watolewe kwanza. Kutafuta mahali panapovuja ni kwa povu la sabuni. Kiberiti kisitumike kwa kazi hiyo hata mara moja.

Maharage ya nyanda za juu

Maji huchemka chembe zake zinapopata nguvu ya kuushinda msukumo wa hewa iliyo juu yake. Pwani hutokea kwenye nyuzi 100. Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kidogo, na maji huchemka kati ya nyuzi 95 na 97. Maharage basi hupikwa katika maji yasiyo moto kama ya Tanga, na huchukua muda mrefu zaidi. Si kosa la mpishi, wala si lazima yawe maharage ya zamani, ingawa maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima nayo ni sugu.

Mwenye jiko la gesi anayo faida hapa. Maji yakishachemka, moto mkubwa hauyafanyi kuwa ya moto zaidi. Joto lote la ziada hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huo ni fedha yako inayotoka dirishani. Loweka maharage usiku kucha, yafikishe kuchemka, kisha punguza mwali hadi yanatokota polepole, na funika sufuria. Sufuria ya presha huenda mbali zaidi: huuzuia mvuke, kanieneo hupanda, na maji hufika zaidi ya nyuzi 110 kabla ya kuchemka.

Mahindi na petroli, kwa ufupi

Maji huondoka hata bila kuchemka, chembe moja moja, na hilo huonekana kwenye mizani. Gunia la kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, yakikaushwa hadi asilimia 13.5 inayoruhusiwa katika viwango vya Afrika Mashariki, hubaki kilo 92 na nusu. Anayenunua mahindi mabichi kwa bei ya makavu amenunua maji kilo saba na nusu, na juu yake amejinunulia hatari ya ukungu.

Petroli hupanuka kwa asilimia 1 hivi kwa kila nyuzi 10 za joto, na huvukiza upesi kuliko maji. Chupa ya plastiki iliyojazwa hadi mdomoni na kuanikwa juani kando ya barabara hutoa mvuke mzito unaotambaa ardhini kama gesi ya mtungi, na hakuna anayejua ina ujazo gani. Kwa mwendesha bodaboda, kituo chenye pampu iliyohakikiwa ni salama zaidi hata kama kiko mbali.

Ukishuku kwamba umepunjwa

Ushahidi unaofaa ni ule ambao bado unaweza kupimwa. Mtungi urudishwe dukani lakiri yake ikiwa haijakatwa, asali ikiwa katika chombo ilichouzwa, pamoja na risiti. Muuzaji akikataa kupima, au mizani yake ikiwa haina alama ya uhakiki, taarifa ipelekwe ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa. Masuala ya leseni na usalama wa gesi na mafuta ya petroli yanasimamiwa na EWURA, na ubora wa bidhaa na TBS. Ukifika ofisi isiyohusika, utaelekezwa inayohusika. Usiunganishe mtungi kwanza ili kuona utadumu siku ngapi. Mtungi uliokwisha kutumika, hata kwa chai ya asubuhi moja, hauwezi tena kuonyesha ulikuja na kilo ngapi.